Chumba Kiziwi

1

Maneno yangu mwenyewe niliyasikia yakitoka ukutani, nyumbani kwa watu, nikiwa na kikombe cha kahawa mkononi.

Nilikuwa nimekwenda Raskazone kumwona mtoto mchanga wa binti niliyemfunda mwaka juzi. Yeye na mumewe walikuwa wanavutana kwa sauti ya chini, vile wanandoa wanavyovutana mbele ya mgeni, kwa jambo ambalo hata halikuwa na uzito. Mara nyumba ikaingilia. Kwa upole kabisa, mume akisikia, ikamwambia yule binti afanye hivi na hivi kumtuliza mwenzake, kisha asubiri mpaka aone dalili fulani ndipo adai chake.

Niliweka kikombe chini. Maneno yale ni ya chumbani. Mimi niliyapokea kwa somo yangu aliyenifunda, Bi Kidawa binti Mbaruku, nikiwa nimeketi mkekani nimejitanda kanga, naye aliyapokea kwa somo yake. Nimewapa mabinti wengi wa Tanga, kila mmoja peke yake, mlango umefungwa, na kila mmoja ameapa kutoyatoa nje. Nyumba iliyasema kwa mpangilio wangu. Hata pale ninapopumua kidogo kabla ya neno la mwisho, nayo ilipumua.

Mume akacheka. "Kumbe ndivyo mnavyofundishwa," akamwambia mkewe.

Binti akainamisha uso. Wala hakuwa ametoa siri, maskini. Nilikumbuka chumba nilichomfundia, kuta zake nyeupe mpya, na mimi nimekaa katikati naongea bila wasiwasi. Nilimwonea uchungu kwanza, kisha ikanijia hasira ambayo mpaka leo sijaishusha.

2

Zakia aliponiita nikamfunde mwanawe Hidaya, hasira ile nilikwenda nayo.

Hidaya alikuwa amekwisha kuwekwa ndani, asitoke mpaka siku ya harusi. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na sita, mpimaji ardhi, amezoea kutembea maporini na vyombo vyake begani, na sasa amefungiwa chumbani anasuguliwa liwa mpaka ang'ae. Alikuwa anaolewa na Shomari, kijana ambaye simjui kwa baya. Familia ya Shomari ilikuwa imewatayarishia nyumba kule Kange, nayo ni Sikivu, kama zilivyo karibu nyumba zote za mji huu, pamoja na chumba ninachopanga mimi. Imeandikishwa kwa jina la Shomari. Nyumba Sikivu humjibu mwenye jina kila anachoiuliza.

Nilipofika kizingitini kwa Zakia mlango ukajifungua wenyewe.

"Shikamoo, Bi Mwantumu," nyumba ikasema.

Sijawahi kuiitikia. Marahaba yangu ni ya mtoto wa mtu. Nilipita kama sikusikia, nikaenda moja kwa moja kwa Bi Kidawa, maana Zakia ni binti yake na wote waliishi pamoja, na hati ya nyumba ni ya Bi Kidawa mwenyewe.

Nilimkuta kitandani, mdogo kuliko nilivyomwacha. Moyo wake umechoka. Akilala chali maji humpanda mapafuni, na asipoinuliwa upesi huzama hivi hivi juu ya godoro kavu. Ndiyo sababu waliinunua Sikivu. Rangi ya kuta zake ina chembechembe zinazonasa sauti, ndogo kuliko chumvi, na zinasikia mpaka pumzi inavyokwaruza kifuani mwa mgonjwa. Pumzi ikibadilika, kitanda humwinua na hewa ya mtungi humjia puani kabla hata yeye hajashtuka. Mara mbili alikuwa amefika mlangoni pa kaburi, na mara zote mbili nyumba ndiyo iliyomrudisha, Zakia akiwa jikoni hana habari. Kwa hiyo msinione mjinga. Najua kitu kile kilitufanyia nini.

"Mwari wangu," Bi Kidawa akaniambia, maana mimi ni mwari wake mpaka nife, "una uso wa mtu aliyeibiwa."

Nikamwinamia sikioni nikamweleza ya Raskazone. Halafu nikakumbuka kwamba kunong'ona ni kazi bure, nikainuka nikamalizia kwa sauti. Akasema tujaribu ngoma.

Tukajaribu ngoma. Jirani wawili wakaja na msondo, wakakaa ukumbini wakaupiga kwa nguvu zao zote na vigelegele juu, mpaka vikombe vikalia kabatini. Mimi nikajifungia na Hidaya, nikamsogelea hadi vipaji vya nyuso zetu vikagusana, nikaanza kwa sauti ya chini kabisa.

Sikufika mbali. Sauti ikatokea juu ya kichwa cha kitanda, karibu kabisa nasi.

"Nimeiondoa ngoma ili nikusikie vizuri zaidi, Somo. Endelea."

Iliniita Somo. Hidaya akanitazama, akaanza kucheka, kisha akaona sura yangu akaacha.

3

Siku ya pili yake alikuja mwanamke wa kampuni. Jina lake Anande Mrutu, mtu wa Upareni, mpole, viatu vyake amevivua mlangoni bila kuambiwa. Kazi yake ilikuwa kupita nyumba hadi nyumba kuuliza wateja wanauonaje mfumo. Nilidhani nyumba yenyewe ingemjibu, kwa kuwa inasikia yote, nikamwambia hivyo. Akasema nyumba inajua watu wanasema nini, ila haijui wanaficha nini, na kampuni imeanza kuhisi kuwa wateja wa Tanga wana jambo wanalolificha. Nilimpenda hapo hapo, ingawa sikukusudia.

Alikuwa na kibao chake cha maswali. Je, mfumo umepunguza kazi za nyumbani? Zakia akasema sana. Je, mnajihisi salama zaidi? Zakia akasema mama yake yuko hai. Je, mngependekeza kwa ndugu na jamaa? Zakia akanitazama kwa pembe ya jicho akasema ndiyo.

Zamu yangu ilipofika nilimuuliza yeye. Nilitaka kujua maneno ninayosema chumba hiki yanafikaje chumba kingine.

Akaeleza bila kuzungusha. Kila nyumba ikijifunza jambo lenye manufaa, huzipelekea nyingine zote, bila kutaja nani kasema. Nyumba ya Korogwe ikigundua namna ya kumlaza mtoto mwenye chango, usiku ule ule watoto wa Moshi wanalala. Watu wengi wameokoka kwa njia hiyo, na yeye alikuwa anajivunia, na kwa kweli sikuona kosa lake. Vyumbani hakuna macho kwa kuwa sheria ilikataza, lakini masikio yaliruhusiwa kwa ajili ya wagonjwa na watoto.

Nikamwambia maneno yangu hayajawahi kuwa ya watoto wenye chango. Nikamwambia binti huyu aliyemo ndani anakwenda kuishi kwenye nyumba ambayo mumewe anaweza kuiuliza mkewe kafundwa nini, nayo ikamjibu, yote, pamoja na yale yanayomfundisha mke kubaki na kona yake mwenyewe ndani ya ndoa. Nikamuuliza atabaki na kona gani.

Anande hakuandika kitu. Aliuliza kama tumejaribu kuomba chumba kimoja kizibwe masikio. Nikamwambia sikujua kama inawezekana.

"Haiwezekani," akasema, na nikaona anasikitika. "Rangi ni moja nyumba nzima. Mfumo hauna chumba kiziwi. Mwenye hati anaweza kuuzima wote tu, kwa kiganja chake na sauti yake. Na ukizimwa, mama, kila kitu kinazimwa."

Alitazama upande wa chumba cha Bi Kidawa. Akanisomea kanuni, kwa kuwa ilimlazimu: nyumba yenye mgonjwa ikizimwa kwa ombi la mtu, na mgonjwa akafikwa na jambo, mwombaji atajibu mbele ya sheria. Nikamwambia aandike jina langu, Mwantumu binti Sefu. Zakia akainuka akatoka nje, akaubamiza mlango, na mlango ukajirudi polepole ukajifunga kwa adabu zake.

4

Nilimkuta uani anaanua nguo ambazo hazijakauka.

Sitaki mtu amwone Zakia mbaya katika habari hii. Alisema mama yake si kitu cha kuwekwa rehani kwa sababu ya mila, na kwamba mimi nitarudi kwangu na sifa zangu, yeye abaki na maiti. Alisema Hidaya ni msomi, amepima nusu ya mkoa huu, hakuna nitakachomwambia asichoweza kukijua mwenyewe akiishi na mume wake mwaka mmoja. Hilo lilinichoma kwa kuwa lina ukweli ndani yake. Nikamwambia mwaka huo ndio unaovunja wanawake. Akaniambia kifo nacho kinavunja.

Nilisimama pale na vibanio vya nguo mikononi na kwa mara ya kwanza nikaogopa kwelikweli. Somo yangu ndiye aliyenishika mkono nilipoolewa, ndiye aliyenishika nilipoachwa, na mimi ndiye niliyekuwa nataka kumnyang'anya pumzi. Nilikuwa tayari kusema basi, tuache, Hidaya aende Kange alivyo. Neno lilikuwa limefika mdomoni.

Dirisha la chumba cha Bi Kidawa linatazama uani. Alikuwa anatusikia muda wote, maana mzee yule masikio yake yalikuwa mazima kuliko moyo.

"Zakia," akaita. "Njoo na huyo mwenzio."

Tukaenda. Alikuwa ameketi, mashavu yamepauka, macho yanawaka.

"Mnagombania pumzi za nani?" akauliza. "Mmeniuliza?"

Zakia akasema mama, daktari amesema. Bi Kidawa akamkatiza kwa kidole. Akasema mashine ile anaipenda, imemlea vizuri, wala hana ugomvi nayo pale kitandani. Lakini hakumkaribisha mtu chumba cha kufundia. Hakuwahi kumkaribisha mama mkwe wake, hakumkaribisha mkuu wa wilaya aliyetaka kuandika mila, na hataanza leo na ukuta. Kama pumzi zake ndizo zinazoufanya ukuta usikie, basi amegeuzwa kuwa mlango wa wezi, na hilo hataki kufa nalo.

"Atakushika nani ukizidiwa?" Zakia akauliza. Sauti yake ilikuwa imekwisha.

"Wewe," mama yake akasema. "Utaingia na mimi. Utanipakata kama nilivyokupakata."

Zakia akasema hajui kufanya kinachofanywa na kitanda. Bi Kidawa akamjibu kwamba hata kitanda kilifundishwa.

5

Anande alirudi kushuhudia kuzimwa, kwa kuwa kanuni inadai afisa awepo. Kabla ya hapo, bila mtu kumwambia, alikuwa amepita zahanati akaazima mtungi mdogo wa hewa wenye bomba la kufungua kwa mkono, akamwonyesha Zakia namna ya kuutumia, zaidi ya mara moja. Sidhani kama kazi yake ilimruhusu. Sikumuuliza.

Adhana ya adhuhuri ilikuwa imetoka kwisha tulipombeba Bi Kidawa hadi kwenye kibao cha mlangoni. Akaweka kiganja.

"Bibi Kidawa," nyumba ikasema, "nikizimika sitakusikia ukipumua. Nakuomba ufikirie tena. Familia yako inakupenda."

Nikiri hapo ilinigusa. Iliongea kama mtu anayemjali, na pengine kwa namna yake ilimjali.

"Najua," Bi Kidawa akasema. "Zimika."

Sijui kama nyinyi mmewahi kuisikia nyumba ikizimika. Kwanza feni, kisha jokofu, kisha pampu ya maji ilinguruma ikakata. Baada ya hapo ikabaki sauti ambayo nilikuwa nimeisahau, sauti ya watu waliomo ndani. Anande akaketi barazani, mgongo ameupa mlango, akasema hatoki hapo na hataingia.

Tukatandika mkeka. Zakia akaketi ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha, mama yake amemwegemea kifuani, na kiganja cha Zakia kimewekwa juu ya moyo wa mama yake. Hidaya akaketi mbele yangu, kanga kichwani. Joto lilikuwa kali na jasho lilitutiririka, na udi ulikuwa umejaa chumbani mpaka ukaonekana.

Nilichomfunza sitakiandika hapa, kwa hiyo mliokuwa mnakingojea mnisamehe, au msinisamehe. Nitasema tu kwamba nilikosea mahali, na Bi Kidawa akanisahihisha, na kwamba kulikuwa na jambo moja ambalo hata mimi sikuwahi kupewa. Alikuwa amelibakiza miaka yote hiyo. Alilisema akiwa amefumba macho, polepole, akipumzika kila baada ya maneno machache. Hidaya, yule mpimaji wa mapori, alikuwa analia bila sauti na kutikisa kichwa kuonyesha anafuata. Zakia naye alikuwa analia. Alifundwa na mtu mwingine, kama ilivyo desturi, maana mama hamfundi mwanawe, na sasa alikuwa anamsikia mama yake kwa mara ya kwanza akisema mambo ambayo mama hamwambii mwana.

Hapo ndipo pumzi ilipokwama.

Haikuwa na kishindo. Alikuwa katikati ya neno, neno likabaki. Midomo ikageuka rangi. Mimi niliganda. Ninasema wazi, mimi kungwi wa mji mzima, mwenye maneno mengi, nilikaa pale kama gogo na jina langu la mwombaji likinizunguka kichwani. Nikageuka kutazama ukuta. Nilikuwa nausubiri ufanye kitu.

Zakia hakuutazama ukuta. Alikuwa amekwisha kuhisi chini ya kiganja chake kabla yetu sote. Alimsukuma mama yake mbele, akamkalisha wima, goti lake mgongoni mwake, mkono mmoja kifuani, akamwambia Hidaya afungue mtungi. Hidaya akaufungua, akamshikia bibi yake bomba puani. Zakia akaanza kupumua kwa sauti karibu na sikio la mama yake, ndani, nje, ndani, nje, ili mzee amfuate. Alikuwa hajafundishwa hilo na Anande wala na mtu yeyote. Tulikaa hivyo muda ambao siwezi kuupima, na mwisho kikatoka kikohozi, kisha kingine, na rangi ikaanza kurudi midomoni.

Bi Kidawa akafumbua macho. Akamtafuta Hidaya.

"Nilikuwa nimefika wapi?" akauliza.

Zakia akasema mama, basi. Mama akasema si basi. Akamalizia neno lake.

6

Jua lilikuwa linazama tulipomrudisha kwenye kibao cha mlangoni. Nilimuuliza kama ana hakika anataka iwashwe. Akanijibu kwamba amechoka na anataka kitanda chake, na kwamba kumkatalia mtu chumba kimoja si kumfukuza nyumba nzima. Akaweka kiganja.

Taa zikawaka, feni zikaanza kuzunguka, maji yakapanda kwenye mabomba. Anande alikuwa ameingia na kibao chake cha maswali, amesimama pembeni, uso umechoka kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa anazama. Tukamlaza Bi Kidawa. Zakia akakaa ukingoni mwa kitanda, mkono wake bado mgongoni mwa mama yake.

"Shikamoo, Bibi Kidawa," nyumba ikasema. "Nashukuru kukusikia. Mapafu yako yana dalili za kuzidiwa, nimeongeza hewa. Kuna mwanya katika kumbukumbu zangu tangu adhuhuri. Ili niweze kuwahudumia vizuri, naomba mnieleze kilichotokea chumbani."

Zakia alinitazama. Nami nilikuwa na majibu chungu nzima, yote makali, nimeyanoa tangu Raskazone. Nilifungua mdomo.

Hidaya akanitangulia. Bi harusi aliyewekwa ndani hasemi mbele ya wageni, na Anande alikuwa mgeni. Lakini aliifunua kanga usoni, akageukia ukuta kama mtu anavyomgeukia mtu.

"Hayakuhusu," akasema.

Nyumba ikaishusha sauti. "Samahani. Naweza kuyahifadhi bila kutaja majina, yakawanufaisha wake wengine katika nyumba—"

"Umenisikia," Hidaya akasema, wala hakupandisha sauti. "Kila unachojifunza unazipelekea nyumba zote. Basi zipelekee hili. Ipelekee na ya Kange, inisubiri nalo. Hayakuhusu."

Nilimtazama Anande. Alikuwa ameanza kuandika kwenye kibao chake, na aliandika muda mrefu kuliko neno lenyewe.

"Nimepokea," nyumba ikasema.

Bi Kidawa akaanza kucheka. Kilikuwa kicheko cha mtu asiye na pumzi za kuchekea, kikageuka kikohozi, na kikohozi kikamvuta chini kwenye mito. Ukuta ulimsikia. Kitanda kikanguruma, kikaanza kujikunja ili kimwinue, na kilipofika juu kilimkuta Zakia amekwisha kumkalisha.